Kabla Hamjaifungua Meza ya Vita

Wadogo zangu wa karakana, nimepata habari kwamba mwezi ujao mnaifungua Meza ya Vita, mnawahamishia wale watu wadogo stoo, na mahali pake mnaweka skrini. Sina ugomvi na skrini. Skrini haiingii mchwa, na mwanafunzi akiigusa haivunjiki shingo. Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, kama vile sasa ndiyo nitahitaji kujua muda, mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi. Nilikubali mbele za watu, huku moyoni nikijua kuna jambo ambalo nisingependa kuliandika kabisa.

Naanza nalo ili lisipotee katikati ya habari za gundi na plasta. Ndani ya kabati lile la kioo la Meza mna kitu ambacho si mali ya jumba letu la makumbusho na si changu pia. Ni nywele za mwanangu Zuhura. Zimebandikwa kwenye vichwa vya wale maiti ishirini na watatu walioko chini ya ukuta wa boma, kushoto kwa lango. Mwenye haki nazo yuko hai. Msiguse skrubu hata moja kabla hamjasoma mpaka mwisho.

Nilianza kazi nikiwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka chuo cha ufundi, najua useremala na najiona. Siku ya kwanza nilipiga viatu rangi, nikatembea kutoka Kariakoo kupitia Mnazi Mmoja hadi mjini, nikitegemea kukabidhiwa meza na vifaa. Fundi Agapiti, mkuu wa karakana, alinikabidhi ufagio na mabakuli matatu. Akasema nifagie uwanja wote. Vumbi la manjano niliweke bakuli la kwanza, jekundu la pili, jeusi la tatu. Nikadhani ananitania kwa kuwa ni mgeni. Kumbe alikuwa anatafuta ardhi ya kupigania vita. Nilifagia siku nne, na viatu vyangu havikupata kung'aa tena.

Agapiti alikuwa mtu wa Songea, Mkatoliki wa kwenda misa ya alfajiri kila siku, mwembamba, sikio moja halisikii. Ukitaka kumsengenya ulikaa upande wa kushoto. Maneno yake yalikuwa machache na nusu yake yalikuwa maswali. Kila nilichokileta karakanani, iwe kipande cha ubao au kopo la rangi, alikishika mkononi akauliza, "Cha nani hiki?" Jibu lilipaswa kuandikwa kwenye daftari la vifaa kabla kitu hakijaguswa. Niliona ni kichaa cha uzee. Sasa nina umri aliokuwa nao, na naona alikuwa na akili kuliko sisi wote.

Mnaijua Meza ilivyo leo, lakini hamkuiona ilipokuwa ubao mtupu wenye ukubwa wa kitanda cha futi sita. Juu ya ubao ule tulitakiwa kuonyesha asubuhi moja ya vita vya Maji Maji. Wapiganaji wa kusini wanalishambulia boma la Wajerumani, wamenyunyiziwa dawa waliyoambiwa itazifanya risasi kuwa maji, na juu ya ukuta bunduki ya rashasha imeelekezwa kwao. Watu zaidi ya mia tatu, kila mmoja na urefu wa kidole gumba. Ilituchukua miaka mitatu.

Tulimchonga mmoja kwa nta, tukatengeneza kalibu ya plasta kutokana naye, kisha tukamimina madini ya risasi yaliyoyeyushwa. Fungueni madirisha mnapoyeyusha. Sisi hatukufungua, ndiyo maana nakohoa hivi. Kalibu moja ilitoa watu kumi na wawili wanaofanana, na kwa walio hai hilo halikumsumbua Agapiti. Wanaokimbia hufanana, alisema. Waliokufa ndio aliowakataza kumiminwa. Kila maiti alichongwa peke yake, na kila maiti alianzwa miguuni. Nilimuuliza kwa nini tusianze na kichwa kama mafundi wote duniani. Akanieleza kwamba bibi yake alikwenda kumtafuta mumewe baada ya mapigano, akamkuta siku ya tatu, na uso ulikuwa hautambuliki tena. Alimjua kwa miguu. Alinieleza hayo huku akisugua unyayo mdogo kwa tupa, na hakuyarudia tena.

Kazi iliyonisumbua zaidi ilikuwa askari wa juu ya ukuta. Nilipopewa kuwapaka rangi niliwafanya weupe weupe kidogo, si Wazungu, lakini si kama sisi pia. Agapiti aliwatazama wote kumi na wanane, akawatia kwenye mafuta ya taa, rangi ikatoka. Akaniambia niwapake upya kwa kopo lile lile nililotumia kwa waliolala chini. Niliwapaka. Ndiyo sababu kila msimu hamkosi mgeni anayegombana nanyi mbele ya kile kioo, akiuliza kwa nini askari wa Mjerumani ni weusi. Nawashauri mumwache agombane, baadaye mumwonyeshe kopo.

Kisha akaja mkubwa mmoja kutoka wizarani kukagua kabla ya ufunguzi. Akasema maiti ni wengi mno, wageni watakula mara baada ya kutazama, tupunguze. Agapiti akamwitikia kwa adabu. Kesho yake akaongeza wanane.

Sasa nywele. Tulizipaka kwa rangi, zikaonekana kofia. Tukajaribu manyoya ya blanketi, yakaonekana ukungu. Nikaenda kwa kinyozi Mchikichini, nikarudi na mfuko mzima wa nywele za wateja wake, nikaziandika kwenye daftari. Ukizibandika kwenye kichwa kidogo kama punje ya hindi, nywele za mtu mzima zinasimama kama nyaya. Agapiti alizitupa. Walio hai tukawapaka rangi tu na kuwaacha na kofia zao, kwani kioo kiko mbali nao. Waliobaki bila nywele ni wale wa mbele kabisa, walioko chini ya ukuta, ambao mgeni akiinama uso wake unakuwa shubiri moja tu kutoka kwao. Ufunguzi ulikuwa umebaki wiki mbili.

Wakati huo nilikuwa nimeoa. Mke wangu ni Mwanaidi binti Salum, watu wa Kariakoo tangu Kariakoo haijawa na lami, na tuliishi kwa wazazi wake, nyumba ya vyumba sita yenye ua mpana nyuma na mstafeli katikati ya ua. Mimi ni mtu wa Liwale, mwenye sanduku moja, nikapokewa kama mtoto wa nyumbani. Zuhura alizaliwa pale. Alipotimiza arobaini alitolewa nje, akanyolewa. Kwao nywele za kwanza za mtoto hazitupwi wala haziachwi zipeperuke. Mama mkwe alizikusanya zote kwenye kipande cha bafta, akafunga fundo, akanikabidhi, kwa kuwa baba ndiye anayezizika. Akanionyesha mahali, chini ya mstafeli, upande wa jikoni.

Ilikuwa asubuhi ya siku ya kazi na nilikuwa nimechelewa. Nikazitia mfuko wa shati nikisema nitazizika jioni. Hapo sikuwa na nia mbaya. Nia mbaya ilikuja saa nne, nilipokuwa peke yangu mbele ya wale maiti wenye vipara, nikafungua fundo ili nione tu. Nywele zilikuwa laini kama vumbi la unga, zimejikunja zenyewe. Nikachukua kidogo kwa kibano, nikaweka gundi, nikabandika. Yule maiti akawa mtu kamili. Wadogo zangu, katika kazi hii kuna raha inayoweza kumfanya mtu asahau jina lake, nami niliisikia siku ile. Nikamaliza wote ishirini na watatu kabla ya adhuhuri, na bafta ikabaki tupu.

Agapiti alirudi, akavaa miwani, akainama muda mrefu. Nilimwona uso unamlegea. Akauliza, "Za nani hizi?" Nikamjibu ni za kinyozi, nilizozichambua kabla hajautupa ule mfuko. Angejua ukweli angezing'oa moja moja, nami nilijua hivyo, ndiyo maana nilidanganya. Kwenye daftari iliandikwa hivyo kwa mwandiko wangu. Juzi nilipopita kuchukua barua yangu ya kustaafu niliifuta ile safu na kuandika jina la Zuhura. Mtaiona, wino ni mpya.

Nilirudi nyumbani, mke wangu akaniuliza kama nimezika. Nikasema tayari, asubuhi, kabla sijatoka. Sentensi moja tu, nikiwa navua viatu.

Zuhura alikuwa na selimundu. Hatukujua hadi alipofika miaka miwili, mikono ilipovimba. Nawaomba msije mkafikiria yale ambayo mama mkwe aliyafikiria. Aliniita pembeni akaniuliza kama nywele nilizika sawasawa, kama mbwa hawakufukua, nami nikamwapia. Siamini kwamba nywele zilimfanya mtoto augue. Daktari alinichorea damu yake kwenye karatasi na nilielewa. Lakini usiku wa maumivu, mtoto anapolia hadi sauti inakatika, kuelewa hakumsaidii mtu. Alifariki akiwa na miaka saba, alikuwa darasa la kwanza, meno mawili ya mbele hayajaota.

Kwetu wanawake hawaendi makaburini siku ya kuzika. Mwanaidi alimwogesha mwanawe pamoja na shangazi zake, akambusu, jeneza likatolewa mlangoni, akabaki ndani na wenzake. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini nikampokea. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyotegemea. Niliporudi mke wangu aliniuliza swali moja tu, kama udongo ulikuwa mkavu au mbichi. Nikamwambia mkavu.

Baada ya arobaini ya msiba nilianza kumwona pale chini ya mstafeli. Alhamisi baada ya alasiri, akitoka kwenye biashara yake ya mitumba ya watoto Mchikichini, alifagia ule upande wa jikoni, akamwaga maji, akaweka asumini. Hakuwahi kulia pale. Alikuwa anazungumza, kwa sauti ya chini, habari za kawaida, nani kaoa, nani kahama. Siku moja aliniambia kwamba kaburini mtoto alikwenda na wanaume, lakini hapa uani amebakia na mama yake.

Siku ile ndiyo ilikuwa siku ya kusema. Nilijiambia nikimwambia nitamnyang'anya alichobakiwa nacho, na kwa miaka mingi nilijisifu kwamba nimenyamaza kwa huruma. Huo nao ni uongo, na kwa kuwa nimeanza kufuta niufute wote. Nilinyamaza kwa sababu mimi nilikuwa naye. Kila Jumatatu, jumba linapofungwa, nilifungua kioo nikapangusa vumbi kwa brashi, na nilipofika chini ya ukuta nilipunguza mkono. Nilizijua nywele zile. Nilikuwa nampangusa mwanangu kichwa kila wiki, na mama yake anamwagia maji ardhi tupu, na sikutaka kugawana. Niliona haya, lakini haya yangu hayakuwahi kunizuia kufungua kile kioo.

Mtakumbuka kwamba sikumruhusu yeyote kati yenu kuwapangusa wale wa mbele. Mlisema mzee ana wivu na kazi yake. Mlikuwa karibu sana na ukweli.

Agapiti alistaafu, akarudi kusini, akafariki huko. Nikawa mkuu wa karakana. Nilipambana na mchwa walioingia kupitia mguu wa nyuma wa kabati. Dawa ya kupuliza haitoshi, lazima mguu usimame ndani ya bati lenye mafuta machafu ya gari. Nilipambana na unyevu wa bahari, ambao unaifanya gundi ya wanga itoke jasho mwezi wa nne. Nilikarabati mkono wa mpiganaji aliyeangushwa na mpiga picha wa harusi. Msiniulize harusi ilifuata nini kwenye vita. Miaka ilipita hivyo. Hatukujaaliwa mtoto mwingine. Wazee wa Mwanaidi walikufa, nyumba ikabaki ya watoto wao wawili, yeye na kaka yake Sefu, aliyekuwa akiishi Kigamboni na mkewe.

Miaka miwili kabla sijastaafu, Sefu alianza kuugua figo. Akawa wa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, mtu aliyekuwa anabeba magunia kwa mkono mmoja. Madaktari wakasema lipo tumaini la kupandikizwa figo nje ya nchi, mtoto wake mmoja yuko tayari kutoa, wasichelewe. Njia ilikuwa ni nyumba. Kariakoo mnaijua, kila kiwanja kimekuwa ghorofa, na yuko mfanyabiashara aliyekuwa amesubiri kiwanja kile muda mrefu. Alitaka chote, mbele na nyuma.

Mwanaidi aliuza dhahabu zake. Aliuza mzigo wake wote wa Mchikichini na kumpa mwenzake kizimba. Alimwambia mnunuzi achukue nyumba yote, aache ua tu, hata hatua nne kwa nne kuzunguka mstafeli. Mnunuzi akasema ghorofa halijengwi na tundu katikati. Akatafuta mnunuzi mwingine, naye akasema vile vile. Akamlilia kaka yake, akamwambia yuko tayari kumpa figo yake mwenyewe; wakampima, haikufaa. Lakini kila karatasi ya mauzo ilipoletwa, mkono wake haukwenda. Ndugu wakaanza kumsema, tena mbele yake, kwamba anamwua aliye hai kwa ajili ya udongo. Akawa hali, hajibu, anakaa uani.

Sefu hakumsema. Alinipigia mimi, tukakutana kwenye kibanda cha chai upande wa Kivukoni, ametoka kusafishwa damu, uso umefura. Aliniambia, "Shemeji, mimi simlaumu dada yangu. Yule mtoto nilimpenda na mimi. Ila wewe ndiye uliyezika. Akikusikia wewe unasema zinaweza kuhamishwa, atakubali. Zungumza naye."

Nikamwambia nitazungumza. Nilimaliza chai, nikamsindikiza mpaka kwenye kivuko cha Magogoni, nikarudi kazini, na sikuzungumza. Kuhamisha kulikuwa na maana ya kuchimba, na kuchimba kulikuwa na maana ya kukuta hakuna kitu. Nilikuwa na neno moja mdomoni ambalo lingemfungua mke wangu, lingeiuza nyumba, lingempeleka Sefu kwenye matibabu, pengine angepona, pengine asingepona. Nililimeza kila siku kwa miezi mitano. Jumatatu nilikuwa napangusa vumbi.

Sefu alifariki akiwa bado anasubiri zamu ya kusafishwa damu.

Mwanaidi hakupiga kelele. Baada ya hitima aliwaita mjane na watoto wa kaka yake, akatia saini karatasi zote bila kuzisoma. Mnunuzi akatoa siku kumi kabla ya kuleta mashine. Siku ya nane, asubuhi baada ya chai, mke wangu alitandika bafta mpya kwenye sakafu ya ua, akaleta jembe dogo na bakuli. Alikuwa ametawadha. Akaniambia, "Baba Zuhura, njoo unionyeshe ulipomweka. Tumtoe, niondoke naye."

Nilichimba. Ndiyo, wadogo zangu, nilichukua jembe nikachimba, kwa sababu mwongo hachoki mpaka mahali pamwishie. Nilichimba shubiri moja, nikachimba ya pili. Alikuwa amepiga magoti, anapokea kila donge la udongo na kulivunja kwa vidole, taratibu, anatafuta uzi mmoja wa nywele au uzi mmoja wa bafta ya mama yake. Donge la kwanza, la pili, la tano. Mikono yake imeanza kupata makunyanzi, nikaitazama ikifanya kazi ile, ndipo nikaweka jembe chini.

"Mama Zuhura, acha. Hamna kitu hapo."

"Mchwa wamekula?"

"Sikuzika. Nilikwenda nazo kazini siku ile ile. Ziko kwenye Meza, kwenye vichwa vya wale maiti."

Aliendelea kulivunja lile donge mpaka likaisha. Kisha akauliza, "Kaka Sefu alipokuja kukuomba useme na mimi, ulikuwa unajua hamna kitu?"

"Nilikuwa najua."

Alirudisha udongo shimoni kwa mikono yake, wote, akaukanyaga ukasawazika, akisema pole pole kana kwamba anamwambia mtu mwingine kwamba vibarua watapita hapa, wasije wakavunjika miguu. Akakunja bafta yake. Jioni ile alihamia Kigamboni kwa wifi yake, mjane wa Sefu, na yuko huko mpaka leo. Mimi nimepanga chumba Ilala. Nilikwenda kumwomba radhi mara mbili. Mara ya kwanza hakutoka. Mara ya pili alitoka, akaniambia niliyemdhulumu zaidi si yeye, niende nikaombe radhi pale alipolala Sefu, na kama atanijibu nije nimwambie alivyosema. Alisema bila ukali wowote, na ningependa sana angesema kwa ukali.

Baada ya hapo aliniuliza jambo moja tu, kwa kupitia mtoto wa Sefu, ni maiti wepi. Nikaandika kwenye karatasi: chini ya ukuta, kushoto kwa lango, ishirini na watatu.

Sasa mnajua ninamzungumzia nani. Ni yule mama wa Jumatano. Anayevuka na kivuko, anayelipa kiingilio kama kila mtu, anayetazama pande zote za Meza kwa heshima kwanza, halafu anakwenda kushoto na kukaa. Mmoja wenu alimpa kigoda, Mungu amlipe. Mlidhani ni mjukuu wa wapiganaji, na mkawa mnamwita Bibi Majimaji, na yeye hajawahi kuwasahihisha. Nilimwona mwenyewe wiki zangu za mwisho kazini. Nilikuwa nasimama nyuma ya mlango wa karakana. Midomo yake ilikuwa inacheza; anawapa habari.

Kwa hiyo naomba. Siombi Meza ibaki, hilo limeshaamuliwa na wenye kuamua, na mimi si mtu wa kuliomba. Naomba aambiwe mapema, Jumatano hii, na mtu mzima, akiwa ameketi. Mwamkieni vizuri kwanza. Mimi nilimwambia muda ukiwa umepita, na mnaona kilichotokea. Siku ya kufungua awepo. Kona ya nyuma ya kulia ina skrubu iliyopinda, izungusheni kinyume nusu mzunguko ndipo itoke. Gundi niliyotumia inalainika kwa mvuke wa maji, si kwa dawa. Birika, kitambaa, subira, kisha kibano. Zitatoka. Nilijaribu kwa maiti mmoja mwezi wa mwisho, nikazirudisha, kwa kuwa hazikuwa zangu kuzitoa. Akitaka zote, mpeni zote. Akitaka waachwe nazo, waachwe. Msimwambie habari za mali ya serikali.

Nilimtumia ujumbe kwamba siku hiyo ningependa nije niwafungulie kioo mwenyewe, maana mikono yangu inalijua kabati lile, nikishamaliza nitatoka. Jibu lililetwa na mtoto wa Sefu, neno kwa neno, naye alikuwa anatazama chini.

"Mwambie mara ya kwanza nilibaki nyumbani mimi. Safari hii abaki yeye."

Birika liko kabati la chini, nyuma ya makopo ya rangi. Mimi siku hiyo msinipigie simu.